Flashi ya picha za Anna May Wong kutoka duka la muvi Mlandege: pesa yangu haikupotea

Shoga zangu watatu wameshaniuliza ile flashi ya picha za bubu, yaani sinema zisizo na sauti, nimeipata wapi na kama kweli inafaa kununuliwa, na kila mmoja nimemjibu nusu nusu kwa sababu nlikuwa jikoni au niko kwenye daladala, kwa hio leo watoto wako chuoni nimekaa nayaandika yote kwa pamoja.

Duka lipo Mlandege, hapa mjini Unguja, kichochoro cha nyuma ya wauza vitambaa. Kibao halina, alama yake mlango wa buluu na sabufa kuukuu limewekwa nje watu wanalikalia. Wengi tunalijua kwa tamthilia za Kituruki na Kikorea, unapeleka flashi asubuhi unapitia jioni. Sasa tokea mwaka huu bwana wa duka kaanza kitu chengine, anatafuta picha za zamani zisizo na sauti, zile za miaka ya ishirini, anazipanga kwa stelingi, yaani hununui picha moja, unanunua stelingi mzima na maisha yake. Mie nimechukua furushi la Anna May Wong, yule mwigizaji Mchina wa Marekani. Elfu kumi na tano pamoja na flashi ya GB 16, ukija na flashi yako mwenyewe elfu nane. Ndani mna picha tatu, The Toll of the Sea ya 1922, The Thief of Bagdad ya 1924 na Piccadilly ya 1929, na kila picha imetiwa mara mbili, moja ina msimulizi wa Kiswahili na moja haina msimulizi, ina muziki tu. Halafu kuna faili la sauti kama nusu saa hivi, linahadithia maisha ya mwenyewe tokea kuzaliwa mpaka kufa.

Nlinunua kwa ajili ya mama. Magoti yamemkamata, hatoki tena, na yeye ni mtu wa sinema wa kweli, wale waliokuwa wakivaa wakajipamba wakaenda show za wanawake peke yao, na hadithi za sinema ya Vuga amezirithi kwa mama yake, ile iliyofunguliwa 1921 ikiitwa Royal, ikaja ikaungua, na pahala pale pale 1955 ikasimama Majestic. Bibi yangu alikuwa akimwambia kuwa zamani picha zilikuwa hazisemi, watu wanasema wenyewe, anaejua kusoma anawasomea wenziwe na ukumbi mzima unazungumza. Mama alikuwa hajapata kuiona hata moja ya namna hio. Mwaka jana nlijaribu duka jengine, silitaji, nikaulizia picha ya bubu nikaletewa kitu kimetiwa rangi na kompyuta mpaka nyuso zimekuwa kama za plastiki, na juu yake kuna mtu anapiga kelele tokea mwanzo mpaka mwisho, mlango ukifunguka anasema mlango umefunguka, mtu akilia anasema analia. Sisi tumekulia na kanda za marehemu Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, na tunampenda, lakini Lufufu alikuwa na picha zenye milio na bunduki, maneno yake yana pa kukaa. Picha ya bubu ukiijaza maneno umeiua.

Ndio maana nataka nianze na msimulizi wa hili furushi kwa sababu yeye ndio sababu ya kukwambieni mkanunue. Ni binti, mtoto wa dada yake mwenye duka, anasoma chuo kikuu kule Tunguu. Anachofanya ni kidogo sana. Zile karatasi za maneno zinazotokea baina ya picha, zile za Kiingereza, anazisoma kwa Kiswahili chetu cha hapa, taratibu, halafu ananyamaza. Akinyamaza ananyamaza kweli. Dakika tatu nne zinapita unasikia muziki tu na unamwangalia yule mwanamke usoni, hakuna anaekwambia anafikiri nini. Kule Japani zamani walikuwa na watu wa kazi hii hii, wakiitwa benshi, wanasimama pembeni ya pazia la sinema wanawahadithia watu, na walikuwa maarufu kushinda hata waigizaji, watu wanakwenda kwa ajili ya benshi. Huyu binti hajajifanya maarufu kuliko picha. Mashallah.

Kasoro anayo pia nitaisema. Karekodi kwa simu, nyumbani, na kwenye picha ya kwanza kama dakika ya thalathini na kitu unasikia bodaboda inapita na mtoto wa jirani anaitwa. Na iko pahala penye huzuni khasa. Nimemwambia mwenye duka airudie ile sehemu, kaahidi.

Haya tuje kwenye picha zenyewe.

The Toll of the Sea ndio lulu ya hili furushi. Msimulizi kaiita Ushuru wa Bahari. Mie ningeiita Bahari Inadai, maana ushuru unaulipa bandarini ukaondoka na mzigo wako, na humu hakuna anaeondoka na mzigo. Hadithi iko China, pwani. Msichana Lotus Flower, na hapa nampa maksi binti yetu kamwita Yungiyungi, jina zuri na ndio lile ua lenyewe, anamkuta Mzungu wa Marekani kachukuliwa na maji katupwa majabalini. Anamuokoa. Wanapendana, wanaoana kwa ada za kule, mwanamme anaahidi nikiondoka ntakuchukua. Wenziwe Wamarekani wanamtia maneno, mke wa Kichina utampeleka wapi wewe, na yeye kweli anaondoka peke yake. Huku nyuma anazaliwa mtoto wa kiume. Miaka inapita, siku Yungiyungi anasikia mume karudi, basi anazitoa zile nguo zake za bibi harusi, anajipamba kama siku ya ndoa, anatoka kumpokea, na yule bwana kaja na mke wa Kizungu.

Mama alikuwa anapukuchua njugu. Akaacha.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo nimeirudia mara sijui ngapi. Yungiyungi anaamua kumtoa mtoto, aende Marekani na baba yake, na ili mtoto akubali kwenda anamwambia huyu bibi wa Kizungu ndie mama yako wa kweli, mie nlikuwa yaya wako tu. Iangalieni midomo yake pale. Midomo inamchekea mtoto, inambembeleza, na macho hayamo katika kicheko kile hata kidogo, macho yameshakufa kabla yake. Hajiangushi chini, hashiki kifua, hapigi ukuta kama waigizaji wengi wa wakati ule ambao walidhani mtu wa nyuma kabisa ukumbini haoni mpaka upige mikono. Yeye kakaa kimya ndani ya picha ya kimya. Na alikuwa na miaka 17! Mie nna mtoto wa miaka 17 hapa ndani, hajui hata kuficha kama kala halua ya wageni.

Msimulizi pale kasoma karatasi ya yaya, akanyamaza mpaka mwisho. Mwisho wake ni bahari, mnauelewa.

Mama alinyamaza nae, baadae kabisa, taa zimewaka, akasema "kama dada." Ana dada yake ambae mume alikuwa baharia, akapanda meli miaka hio akaoa kwengine, na mtoto akaja akachukuliwa na watu wa baba. Hilo jambo kwetu halisemwi. Mama kalisema siku hio kwa maneno mawili na mie sikumuuliza zaidi.

Kuhusu rangi, kwa sababu mmoja wenu aliniuliza iweje picha ya 1922 iwe na rangi na haikutiwa na kompyuta. Hizi rangi ni zake mwenyewe. Ni Technicolor, mtindo wa kupiga filamu kwa rangi, ile ya mwanzo ya rangi mbili, kamera yake ilikuwa inaugawa mwanga sehemu mbili, nyekundu na kijani, halafu zinaunganishwa kwenye filamu moja, na picha hii ndio ya mwanzo ya mtindo huo ambayo jumba lolote la sinema liliweza kuionyesha bila ya mtambo maalumu. Buluu kamili haikuwamo. Kwa hio bahari yake si kama bahari yetu ya Forodhani, ni ya kijani kama chupa, na nguo nyekundu zina wekundu wa kanga iliyofuliwa sana ikaanikwa juani. Mimi naona ni nzuri kuliko rangi zote za leo. Na kuna jambo faili la maisha halijalisema na lingefaa kusemwa. Kipande cha mwisho kabisa cha picha hii, ile bahari ya mwisho, kilikuwa kimepotea, na mwaka 1985 mafundi wa hifadhi ya filamu ya chuo kikuu cha UCLA walipoitengeneza upya walikwenda pwani ya California wakaipiga bahari kwa kamera ya kale ile ile ya rangi mbili ili ifanane. Mimi sikuweza kuona mshono uko wapi.

Muziki wa picha hii si wa asili, picha hizi zilikuwa zikipigiwa muziki hapo hapo ukumbini. Mwenye duka kamtafuta kijana anaepiga ganuni akarekodi dakika hamsini na kitu, peke yake, bila fidla bila dumbaki. Nlipoambiwa niliogopa, nikajua sasa tutatiliwa taarab juu ya China. Wallahi inakaa. Kijana anaiacha nota moja inalia mpaka inakufa ndio anagusa nyengine, na zile kimya za baina yake zinakwenda na uso wa yule mwanamke. Hilo ni jambo ambalo hamtalipata kwenye intaneti, lipo Mlandege tu.

The Thief of Bagdad nitapita haraka kwa sababu humu si picha yake, ni picha ya Douglas Fairbanks, yeye ndie mwizi ndie stelingi, na Anna May Wong ni mjakazi wa Kimongoli kwenye kasri la binti wa Khalifa, kwa nje anamtumikia bibi yake na kwa siri anampelekea habari mwana wa mfalme wa Wamongoli. Ni picha kubwa, kuta ndefu mno, zulia linaruka, farasi mwenye mbawa, watoto wangu waliipenda kuliko zote. Yeye anaonekana kidogo lakini kila akionekana mwizi mwenyewe humuoni. Kuna pahala Fairbanks kamwekea ncha ya jambia mgongoni, na yeye mwili wote umesimama ila macho ndio yanatafuta njia, mwanangu mdogo akasema mama huyu ndie muovu? Nikamwambia subiri.

Na kwenye picha hii ndio nlipopata tatizo, na nalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu mtu akinunua picha za bubu popote pale atakutana nalo. Flashi ya mwanzo niliyopewa watu walikuwa wanakwenda mbio. Wanatembea kama wamefukuzwa, Fairbanks anaruka kama panzi. Mume wangu akasema ndivyo zilivyo picha za zamani, na kila mtu anadhani hivyo, na si kweli. Kamera za wakati ule zilikuwa zikizungushwa kwa mkono, fremu, yaani vijipicha, 16, 18, 20, mpaka 24 kwa sekunde, inategemea mpigaji, na mashine za leo zinakwenda 24 au 25. Ukichukua kitu kilichopigwa kwa 18 ukakitia kwenye mashine ya 24 bila kurekebisha, watu wanakimbia. Walipokuwa hai hawakukimbia hivyo jamani, walitembea kama sisi. Nikaangalia urefu, picha hii inatakiwa iwe karibu masaa mawili na nusu, yangu ilikuwa saa moja na dakika hamsini na kitu. Nikarudi dukani. Sikugombana, nikamwonyesha kwenye laptopu yake mwenyewe, akaangalia, akasema "dada una haki, hii nimeichukua pabaya." Baada ya siku mbili kanipa nyengine, hakuchukua hata senti, na kamwita mteja mwengine aliekwisha kuuziwa ile mbovu aje abadilishiwe. Kwa mji huu ambao ukirudisha kitu unaulizwa ulikuwa huoni wakati unanunua, mie hilo nimeliweka moyoni.

Piccadilly sasa. Hii ni ya Uingereza, London ya usiku, na mwanzo wake tu inakuvutia, majina ya waigizaji yameandikwa ubavuni mwa mabasi ya ghorofa yanayopita njiani. Kuna klabu ya kifahari ya dansi, na mteja mmoja analeta fujo kwa sababu sahani yake chafu. Mwenye klabu anashuka mpaka jikoni, kule nyuma wanakooshea vyombo, kujua nani anaosha, na anakuta waosha vyombo wameacha kazi wanamtazama msichana wa Kichina, Shosho, kapanda juu ya meza anacheza. Anacheza polepole, soksi zake zimechanika zina mistari, kamera inapanda kutoka kwenye zile soksi mpaka usoni, na yeye wala hajashtuka kuonwa. Anafukuzwa kazi. Baadae anaitwa tena, si kuosha vyombo, kuja kucheza mbele ya wale wale waliokuwa wakila kwenye sahani alizoziosha.

Mie nimeosha vyombo hoteli ya watalii miaka minne, pwani huko, na naijua ile harufu ya jikoni la nyuma, maji ya moto na mabaki ya samaki, na najua wageni wa mbele hawajui kama huko nyuma kuna watu. Hii picha imepigwa miaka karibu mia iliyopita na mtu kanionyesha jikoni langu.

Jina la kwanza kwenye tangazo ni la Gilda Gray, mcheza dansi maarufu wa wakati huo, lakini angalieni wenyewe mniambie picha ni ya nani. Na kuna kitu hakimo. Shosho na yule bwana wa klabu wanakaribiana, nyuso zinakaribiana, halafu inakatwa. Busu lilikatwa, maana mwanamke wa Kichina na mwanamme wa Kizungu wasionekane. Mtu wa kwetu atasema kheri, hatutaki mabusu mbele ya wazee, na mie pia natizama na mama yangu. Lakini halikukatwa kwa ajili ya haya. Lingekuwa ni haya wangekata yote, ya Wazungu wao kwa wao waliyaacha.

Muziki wa ganuni hapa haukufaa, nasema wazi. Picha ni ya klabu, watu wanacheza, miguu inataka ngoma na tarumbeta, ganuni inakuwa kama imekosea nyumba. Hii itizameni ile ya pili isiyo na msimulizi, imetiwa muziki mwengine wa piano na unakwenda vizuri.

Faili la maisha yake lilinipa kazi, nimelisikiliza mara tatu, mara moja nikifua. Linaanza vizuri sana. Kazaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, jina lake la nyumbani Wong Liu Tsong, baba yake ni dobi, na yeye alikuwa akipeleka nguo za watu zilizopigwa pasi na kile anachopewa pamoja na pesa ya chakula cha skuli anakwenda nacho sinema. Anarudi nyumbani anasimama mbele ya kioo anafanya alivyoona. Baba hakupenda. 1919 akapata kuingizwa kwenye The Red Lantern, mmoja katika kundi kubwa, kabeba taa ya karatasi tu, ukipepesa jicho humuoni. Miaka mitatu baadae ndio Yungiyungi.

Halafu faili linaanza kukimbia kama ile picha ya spidi mbovu, tarehe juu ya tarehe, na hapa ndio pangetaka kutulia kwa sababu ndio pana uchungu wake. Picha ile ya 1922 kila mtu kaisifia, na baada ya hapo Hollywood ikampa nini? Mjakazi, mchawi, jasusi, mwanamke wa njia mbaya, na mwisho auliwe. Sehemu kubwa za wanawake wa Kichina wanapewa Wazungu waliopakwa rangi na kuvutwa macho kwa gundi. 1928 akachoka akaenda Ulaya, Berlin, akajifunza Kijerumani mpaka akaigiza kwa Kijerumani, na huko magazeti yakamwandika kama malkia. London alipanda jukwaani 1929 pamoja na mwigizaji Laurence Olivier, watu wakamcheka kwa lafudhi yake ya Kimarekani, basi akatafuta mwalimu wa kumfundisha kusema. Huyu ndie mtu ambae wengi katika wenziwe sauti ilipokuja ndio ikawamaliza, yeye sauti ikaja akajifunza, na 1932 yuko ndani ya Shanghai Express na stelingi mkubwa Marlene Dietrich na hakumezwa.

Kubwa ni la The Good Earth, iliyotoka 1937. Hadithi ya wakulima wa China, mke wa mkulima ndie moyo wa picha, na katika Hollywood nzima hakuna mwanamke wa Kichina maarufu kama yeye. Hakupewa. Mume kachaguliwa Mzungu, Paul Muni, na kanuni za sinema za wakati ule zilikataza mapenzi ya watu wa rangi mbili, kwa hio mume akiwa Mzungu kapakwa rangi na mke lazima awe Mzungu kapakwa rangi. Akapewa Luise Rainer, na akachukua Oscar kwayo. Anna May Wong akatakiwa acheze yule mke wa pili, muharibifu wa nyumba. Akakataa. Yaani katika watu wote waliosimama pale wamevaa Uchina, Mchina peke yake ndio awe mbaya, akasema hapana.

Mwaka 1936 akaenda China kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakaa miezi, akafika mpaka kijijini kwao baba yake, na huko nako wapo waliomlaumu kwa nini anacheza sehemu za kuwaaibisha. Marekani ni Mchina, China ni Mmarekani. Kwa sisi watu wa visiwani tuliochanganyika damu hili halihitaji kufafanuliwa. Hakuolewa. Sheria ya California mpaka 1948 ilikuwa haimruhusu kuolewa na Mzungu. Wakati wa vita aliuza magauni yake kuwachangia Wachina, 1951 akawa na tamthilia yake mwenyewe kwenye televisheni, na akafa tarehe 3 Februari 1961, ana miaka 56 tu. Kaburini jina la juu ni la mama yake, la kwake liko ubavuni kwa maandishi ya Kichina. Faili linamalizia na ile sarafu ya robo dola ya 2022 yenye uso wake, nikaitafuta picha yake nikamwonyesha mama, mama akaivuta simu karibu, akasema mbona hawakumchonga anacheka.

Tena jambo moja la kumtaka mwenye duka. Mama aliniuliza mbona hamna wa Kihindi, na ana haki, mji huu umekulia kwenye picha za Kihindi. Nikaenda kumuulizia Sulochana, yule ambae jina lake la kuzaliwa Ruby Myers, alikuwa opereta wa simu akachukuliwa kwenye sinema, akacheza watu wanane peke yake ndani ya Wildcat of Bombay ya 1927, na sauti ilipokuja na yeye Kihindustani hakijui akakaa chini akajifunza akazirudia picha zake mwenyewe kwa sauti. Mwenye duka kasema kamtafuta sana. Picha za bubu za India zilitengenezwa zaidi ya elfu moja na zilizobaki ni chache mno, filamu za wakati ule zinashika moto kwa urahisi na zinaoza, na nyengine ziliyeyushwa kutolewa madini ya fedha yaliyomo. Nlimwambia hata ukipata kipande cha dakika tano nitalipa bei ile ile, na kaandika kwenye daftari.

Kwa hio kwa mnaotaka, nendeni. Chukueni flashi yenu mkiwa nayo, ile ya kwake GB 16 inajaa kabisa hamtatia kitu chengine. TV za zamani The Thief of Bagdad haifunguki, mwambieni mapema anakuwekeeni faili jengine. Anafunga saa mbili usiku, Ijumaa anafungua baada ya sala. Ukiingia ulizia binti kama keshairudia ile sehemu ya bodaboda, wengi tukiuliza atafanya haraka.

Jana usiku mama kaitaka tena ile ya bahari. Nikamtilia ya msimulizi kama kawaida, kwa sababu Kiingereza hajui, hata kusoma herufi za Kizungu ni kwa shida. Dakika mbili hazijafika akasema mwanangu nitilie ile nyengine, isiyo na mtu.